Kasuku ni Amana
Kasuku wa kijivu akitunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 40, na aghalabu humzidi umri aliyemlea. Wetu aliletwa na marehemu babu. Hadi leo huitikia salamu kwa sauti yake, nasi sote hunyamaza kusikiliza.

Mtume (S.A.W.) alimliwaza mtoto Abu Umair alipofiwa na kidege chake. Basi huruma kwa ndege si jambo dogo. Kasuku ni kiumbe wa jamaa: akitupwa pekee, hujinyonyoa manyoya kwa upweke.

Nchini Kenya, kumfuga kwahitaji kibali cha KWS. Tumekwisha kukubaliana ni nani atakayempokea baada ya bibi. Wenye kasuku, nanyi wausieni wanenu mapema, inshallah.