Maksai Halii

Mvua za kwanza zikishalowesha udongo wa Itaka, asubuhi mashambani ni makelele matupu. Mtoto mmoja yuko mbele na kamba, kaka yake yuko nyuma na plau, minyororo inalia, watu wanafoka. Anayenyamaza ni maksai peke yake. Hata yule wa kulia, mwenye kidonda palepale nira inapokalia, anavuta tu. Basi watu husema ng'ombe haumii.

Anaumia, wajukuu zangu. Ngozi yake ina neva kama yako. Ikichubuliwa, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha ubongoni, na hapo ndipo uchungu unapohisiwa. Ila wewe ukijikata na panga unapiga yowe ili mama aje. Mababu wa ng'ombe waliishi porini, na aliyepiga yowe huko alijiitia simba. Waliojikaza ndio waliobaki wakazaa.

Kwa hiyo msisubiri alie. Mtazameni. Jioni wenzake wamelala wanacheua, yeye kasimama pembeni, kichwa chini, mgongo kaupinda, masikio yamelegea. Anasaga meno, na mdomoni hamna kitu. Huyo anaumwa, na kesho asifungwe nira. Hakuna dawa itakayomsaidia mnyama anayerudishiwa mti juu ya kidonda kibichi.

Dawa zenyewe zipo, na hazifanyi kazi moja. Ndama akikatwa pembe, afisa mifugo anaweza kumchoma sindano ya ganzi, lidokeini, inayozuia neva za mahali hapo zisipeleke habari. Ganzi huisha baada ya saa chache, na uchungu hurudi. Ndipo inapofaa meloksikamu. Penye jeraha mwili hutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na kuzidisha maumivu. Dawa hii huzipunguza, na nguvu yake hudumu muda mrefu zaidi. Muulizeni afisa mifugo ni siku ngapi maziwa yasinywewe na nyama isiliwe.

Na tafadhali, msijifanye madaktari kwa vidonge vya nyumbani. Paka akichechemea msimpe Panadol: ini lake haliwezi kuisafisha dawa ile, damu yake hushindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

Tena dawa haikomei kwa aliyepewa. Kule India wafugaji walikuwa wakiwatibu ng'ombe kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Ng'ombe akifa, tumbusi walikula mzoga, figo zao zikaharibika, nao wakafa. Kuanzia miaka ya 1990, kwa aina moja ya tumbusi, zaidi ya 99 katika kila 100 walitoweka, mizoga ikabaki ikioza na mbwa wa mitaani wakazidi kuongezeka. Mwaka 2006 India ilipiga marufuku diklofenaki kwa mifugo. Wataalamu walitafuta dawa nyingine ya maumivu, wakaijaribu kwa tumbusi wenyewe na kuona haiwadhuru: meloksikamu.