Kabla Shule Haijanunua Vishikwambi: Maswali ya Kuuliza Voi na Taita Taveta

Wazazi wengi wa kaunti yetu wameshaipokea barua ya aina hii: kila mzazi achange kiasi fulani, shule inunue vishikwambi, projekta au kompyuta, ili watoto wetu wasiachwe nyuma na wenzao wa Mombasa na Nairobi. Nia ni njema. Lakini pesa hizo zinatoka kwa mzazi anayelima mahindi Sagalla, anayeuza ndizi sokoni Taveta au anayefanya kibarua kwenye mashamba ya mkonge Mwatate. Zikinunua kitu ambacho baada ya mihula miwili kitafungiwa kabatini, mtoto atakuwa amekosa kifaa na amekosa pia vitabu ambavyo pesa zilezile zingenunua.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua vifaa vya kidijitali vya kufundishia, na namna mwalimu anavyoweza kuvitumia hata pale ambapo stima hupotea mchana na mtandao hupatikana kwa kupanda kilima.

Tulikotoka

Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia madarakani na ahadi ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Zabuni ya kwanza ilifutwa. Mradi ukaanza upya mwaka 2016 kwa majaribio katika shule 150, safari hii kwa vishikwambi. Baadaye vifaa zaidi ya milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 kote nchini. Mgao wa shule ulikuwa vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na kisanduku cha kuhifadhi masomo na kuyasambaza darasani bila intaneti.

Ulikuwa mpango mkubwa, na mawazo yake mengi yalikuwa mazuri, hasa hilo la masomo yasiyohitaji intaneti. Lakini masomo yaliyowekwa ndani yalitengenezwa kwa mtaala wa 8-4-4, wa darasa la kwanza hadi la tatu. Januari 2019 mtaala wa CBC ukaanza nchi nzima kwa madarasa hayohayo. Kifaa kilichokuwa kizima kikawa na masomo ya zamani. Ongeza hapo mwalimu aliyefunzwa kukitumia akahamishwa, na betri zilizokaa miezi bila kuchajiwa zikafa. Betri ya kishikwambi huharibika hata kama hakuna aliyekigusa.

Funzo ni kwamba bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Baada yake kuna stima, matengenezo, masomo yanayoendana na mtaala, na mwalimu anayejua la kufanya. Kimoja kikikosekana, vingine vyote hukwama.

Ushahidi wa Kisumu

Kenya ina bahati kwamba swali hili limeshachunguzwa hapahapa nyumbani. Mradi wa PRIMR, ulioendeshwa pamoja na Wizara ya Elimu, ulijaribu njia tatu za kusaidia watoto wa madarasa ya chini kusoma Kiswahili na Kiingereza katika shule za Kisumu. Kundi moja la shule lilipewa vishikwambi kwa wakufunzi wanaozunguka kuwatembelea walimu. Kundi la pili walipewa walimu wenyewe. Kundi la tatu wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Makundi yote matatu yalionyesha maendeleo, lakini vifaa vya darasani havikuleta tofauti ya kutegemewa ukilinganisha na shule zilizopata vitabu, mwongozo wa mwalimu na mafunzo bila kifaa chochote. Njia iliyotoa faida kubwa zaidi kwa kila shilingi, kati ya zile tatu, ilikuwa ya kumpa kishikwambi mkufunzi anayemtembelea mwalimu, kwa sababu kifaa kimoja kilihudumia shule nyingi. Mpango wa Tusome, ulioanza nchi nzima mwaka 2015, ulifuata njia hiyo: vitabu mikononi mwa watoto, na kishikwambi mkononi mwa afisa anayekuja kuketi darasani na kumshauri mwalimu.

Hii haimaanishi vifaa havina kazi. Maana yake ni kwamba shule isiyo na vitabu vya kutosha inunue vitabu kwanza. Na ikifika zamu ya kifaa, kianzie kwa mwalimu. Yeye tayari anahitaji kompyuta kwa kazi isiyokwepeka: alama za tathmini za shuleni hupakiwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, KNEC, na mwalimu asiye na mashine huishia kulipia saiba mjini kutoka mfukoni mwake.

Anza na somo

Mwalimu anayechagua vizuri huanza na somo lililomsumbua. Ni wapi watoto hukwama kila mwaka? Jibu ndilo litakalomwonyesha kifaa.

Kama watoto wanakwama kwenye matamshi au kusikiliza, dawa ni sauti, na spika ndogo iliyounganishwa na simu ya mwalimu inatosha. Kama ni jambo lisiloonekana kwa macho, mfano moyo unavyosukuma damu au sayari zinavyolizunguka jua, hapo picha zinazosonga zina faida kweli, na projekta moja inahudumia darasa zima. Kama ni hesabu zinazohitaji mazoezi mengi na majibu ya papo hapo, kishikwambi kina kazi. Lakini kama somo ni kilimo cha mboga, shamba la shule ni bora kuliko video yoyote. Mtoto wa Wundanyi ana udongo nje ya mlango.

Piga hesabu ya stima

Muuzaji hatakufanyia hesabu hii, kwa hivyo ifanye mwenyewe. Kishikwambi cha kawaida huhitaji takriban wati-saa 25 kujaa. Vishikwambi 40 vinahitaji wati-saa 1,000. Paneli ya sola ya wati 100, kwa jua kali la Voi la saa tano hivi, ukiondoa kinachopotea njiani hutoa wati-saa 350 hadi 400 kwa siku. Ina maana paneli moja itachukua karibu siku tatu kuvijaza vishikwambi vyote mara moja.

Projekta ya wati 250 kwa kipindi cha dakika 40 hula takriban wati-saa 170. Paneli ileile inaweza kuihudumia kwa vipindi viwili kwa siku, mradi kuna betri ya kutosha na kibadilisha umeme kinachoweza kubeba mzigo huo. Simu ya mwalimu na spika ndogo hazifiki hata wati-saa 30 kwa siku. Shule isiyo na stima ya uhakika ikipanga kwa hesabu hii, haitanunua zaidi ya inachoweza kuchaji.

Piga hesabu ya bando

Vilima vya Dawida, Sagalla na Kasigau vinatupa mvua na upepo mwanana, lakini vinazuia pia mawimbi ya simu. Shule mbili zilizo kilomita chache tu kati yao zinaweza kutofautiana kabisa, moja ikiutazama mnara na nyingine ikiwa nyuma ya mlima.

Video ya dakika 10 yenye ubora wa kadiri hula takriban MB 100. Watoto 40 wakiitazama kila mmoja kwenye kifaa chake kupitia mtandao, hizo ni GB 4 kwa dakika 10. Mwalimu akiipakua mara moja usiku nyumbani na kuionyesha kwa projekta, ni MB 100 tu, na mwaka ujao ataitumia tena bila kulipa chochote.

Kwa hivyo sharti la kwanza kwa shule zetu ni kwamba programu ifanye kazi bila intaneti. Zipo nzuri na za bure. Kolibri hupanga masomo na mazoezi kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine vya darasani huyapata kwa wifi ya ndani bila bando. Kiwix hubeba Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo, kwenye kadi ya memori. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ina majaribio ya sayansi yanayoweza kupakuliwa, na hayo huwasaidia sana walimu wa sekondari msingi wasio na maabara. GeoGebra ni ya hisabati. Kwa programu za kulipia, muulize muuzaji swali moja mbele ya bodi: masomo haya yameidhinishwa na KICD kwa mtaala wa sasa?

Watoto 50, kifaa kimoja

Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Mwalimu mwenye kifaa kimoja anaweza kufundisha vizuri akipanga kipindi chake hivi. Kwanza, swali liandikwe ubaoni kabla ya video kuanza, ili watoto wajue wanatafuta nini. Pili, video iwe fupi, dakika tatu hadi tano, na isimamishwe katikati: “Mnafikiri nini kitafuata?” Watoto wajibizane wawili wawili. Tatu, kifaa kizimwe na kazi iendelee kwenye daftari. Somo linakaa kichwani mtoto anapoeleza alichokiona kwa maneno yake.

Vikiwa vitano au sita, watoto wakae vikundi na wapokezane zamu ya kushika. Asipoangalia mwalimu, mtoto mmoja mchangamfu hukishika mwanzo hadi mwisho na wengine huwa watazamaji, na mara nyingi wasichana ndio hubaki nyuma.

Programu za akili unde kama ChatGPT zinaweza kumpunguzia mwalimu kazi ya kuandaa maswali au mpango wa somo. Lakini huandika makosa kwa ujasiri uleule zinaoandikia ukweli, na mambo ya mahali kama petu ndipo zinapokosea kwa urahisi. Kila kitu kisomwe na mwalimu kabla ya kuwafikia watoto.

Lugha zetu hazimo dukani

CBC inaruhusu watoto wa madarasa ya chini kufundishwa kwa lugha ya eneo lao. Programu za dukani zimejaa Kiingereza. Kidawida, Kisagalla na Kitaveta utavitafuta kwa taa. Hapa ndipo simu ya kawaida inashinda kishikwambi cha bei ghali. Mwalimu anaweza kumrekodi nyanya wa kijijini akisimulia hadithi, akitaja majina ya miti au akieleza mavuno ya zamani. Rekodi ya dakika tano haifiki hata MB 10. Baada ya miaka miwili shule ina hazina ambayo hakuna kampuni ingeweza kuiuzia. Kinachotakiwa ni kumwomba mzee ruhusa na kuandika jina lake, mahali na tarehe.

Siri za watoto

Kuna jambo ambalo shule nyingi hulisahau. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya au kutumia taarifa za mtoto, picha zikiwemo. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya KSh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Faini ya namna hiyo inaweza kuifunga shule ndogo.

Programu inayodai jina kamili la mtoto, picha yake na namba ya simu ya mzazi kabla ya kufungua hesabu za Gredi ya 4 iulizwe inazihitaji kwa kazi gani. Nyingi hufanya kazi vizuri kwa jina la kubuni au namba tu. Na picha za watoto wakiwa na vishikwambi vipya, zile tunazopenda kuzirusha Facebook, zisubiri wazazi waweke saini.

Kwenye mkutano ujao

Barua ya mchango ikifika, mzazi ana haki ya kuuliza, na kuuliza hakumfanyi mpinga maendeleo. Kabatini kuna nini sasa, na vingapi vinawaka? Kifaa kipya kitatatua shida gani ya somo gani? Kitachajiwa wapi? Masomo yake yanafanya kazi bila intaneti? Nani kati ya walimu atakitumia, na nani atamrithi akihamishwa? Kikiharibika, fundi yuko Voi au ni lazima kipelekwe Nairobi? Dhamana ni ya muda gani, na imeandikwa?

Majibu yakiwepo, changa bila kinyongo. Yakikosekana, ombeni bodi ianze na kazi isiyogharimu kitu: mwalimu mmoja na wazazi wawili wafungue lile kabati, wavichomeke vifaa vya zamani kwenye stima kimoja kimoja, na waandike kwenye daftari vipi bado vinawaka. Kishikwambi cha 2016 kinachowaka bado kinaweza kucheza sauti na kuonyesha picha. Hicho kitumike muhula huu, huku mchango wa kipya ukisubiri majibu.