Picha haijafanana na bibi: umwambie nini kijana aliyeipiga?

Zamani mtu akitaka picha alifunga safari hadi mjini, studio ile ya karibu na stendi. Siku hizi mpiga picha yuko hapo hapo kijijini. Ni kijana mwenye simu yenye kamera nzuri kidogo, anayeitwa kwenye mahafali ya darasa la saba, ubatizo, maulidi na harusi. Wengi wao hawakusomea kazi hii popote. Wamejifunza kwa kupiga tu, na walimu wao ni sisi tunaopigwa. Tatizo ni kwamba walimu hawa huwa wana maneno mawili: "nzuri" au "mbaya".

Maneno hayo hayamsaidii. Ukimwambia "nzuri" hajui arudie nini, na ukimwambia "mbaya" hajui arekebishe nini. Anarudi nyumbani na furaha au na huzuni, lakini kesho anapiga vile vile. Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia katika picha ya mtu, na namna ya kumwambia aliyeipiga ili ajue la kufanya.

Kwa nini tujisumbue?

Kwa sababu picha ya mtu ina kazi nyingi kuliko tunavyodhani siku inapopigwa. Msiba unapotokea, ndani ya saa chache familia inatafuta picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza au kwenye ratiba ya ibada. Mara nyingi kinachopatikana ni picha ndogo ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka ikapoteza sura, au kichwa kilichokatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, bega la jirani likionekana pembeni. Bibi aliyelea wajukuu kumi na wawili anaagwa kwa picha ambayo mwenyewe asingeitambua. Na mara nyingine picha yake ilipigwa, tena mwaka jana tu, ila uso ulitoka giza na hakuna aliyesema "hebu rudia, sogea hapa kivulini".

Neno hilo lingechukua nusu dakika.

Angalia mwanga kwanza

Ukiwa na jambo moja tu la kumwambia mpiga picha anayeanza, liwe la mwanga. Mengine yanaweza kungoja.

Kamera ya simu hupima mwanga wa vitu vyote vinavyoonekana, kisha hutafuta wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga la mchana, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama gizani. Simu nyingi mpya hutambua uso na kujaribu kuurekebisha, lakini si kila mara zinafanikiwa, hasa mtu akiwa mbali au amevaa kilemba au kofia.

Hapa lipo jambo la kukataa kabisa. Kuna wapiga picha wanaomwambia mteja, "Wewe ni mweusi sana, ndiyo maana hukutoka." Si kweli. Kosa ni la kupima mwanga, na historia ya vifaa vyenyewe imechangia. Kwa miaka mingi katika karne ya 20, maabara zilizosafisha picha za rangi zilitumia kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu kama kipimo cha rangi sahihi ya ngozi. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Picha ikilingana na ngozi ya Shirley, mashine ilihesabiwa kuwa imewekwa sawa. Kadi za kampuni hiyo zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kujulikana miaka ya 1990. Kwa hiyo watu weusi hawakuwa "hawatoki". Vifaa ndivyo vilivyopimwa kwa ngozi nyingine.

Ushahidi upo Bamako, nchini Mali. Seydou Keïta alifungua studio yake huko mwaka 1948 na kuwapiga picha wakazi wa mji kwa filamu nyeusi na nyeupe, mara nyingi kwa mwanga wa jua tu, uani. Nyuma ya wateja wake alitundika kitambaa; kimojawapo kilikuwa shuka lake la kutandikia kitanda. Filamu ilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Ukizitazama leo, nyuso nyeusi zimetoka kila mstari, kila chale, kila kung'aa kwa paji la uso. Hakuwa na simu ya kisasa wala kompyuta ya kusafishia picha. Alijua mtu akae wapi na mwanga umfikie kutoka upande gani.

Kijijini mahali hapo papo, tena bure. Barazani chini ya paa, mtu akitazama nje. Mlangoni, hatua moja ndani, uso ukielekea uani. Chini ya mwembe wenye kivuli kizito, mradi majani yasipitishe vidoa vya jua usoni. Mahali pote hapo mwanga unafika kwa upole na kutoka mbele. Saa sita mchana jua liko utosini, na kila uso unapata vishimo vyeusi chini ya nyusi na kivuli cha pua mdomoni. Asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na moja hivi, jua lenyewe linafaa.

Mwambie pia aguse uso wa mtu kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Kwa simu nyingi hilo linaiambia kamera ipime mwanga pale alipogusa, na alama ya jua inatokea pembeni. Akiivuta juu picha inapata mwanga zaidi, akiishusha inapungua.

Kwa mtu mwenye ualbino mambo hugeuka. Akipigwa juani ngozi hutoka nyeupe tupu bila umbo, na macho yake huumizwa na mwanga mkali, hivyo anakunja uso. Kivuli kizuri kinamfaa yeye kuliko mtu yeyote, na alama ile ya jua ishushwe kidogo. Usimwambie "fumbua macho" akiwa ameelekezwa juani. Mhamishe.

Mengine ya kuangalia

Umbali. Lenzi ya kawaida ya simu huona eneo pana, na mpiga picha akisogea karibu sana pua inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma. Ndiyo sababu watu husema "hapa sijafanana" bila kujua kwa nini. Arudi nyuma hatua mbili tatu, kisha akate picha baadaye, au atumie lenzi ya kuvuta kama simu inayo.

Kilicho nyuma. Nguzo ya umeme inayoota kichwani, kamba ya nguo, mbuzi anayepita. Mpiga picha haoni kwa sababu anamtazama mtu. Wewe unayeitazama picha ndiye unayeona, basi mtajie.

Macho ya mtoto. Picha nyingi za watoto zimepigwa na mtu mzima aliyesimama, na mtoto anaonekana kichwa kikubwa na miguu ya kuku. Achuchumae.

Na lenzi ifutwe. Simu inashinda mfukoni pamoja na vumbi, jasho na mafuta ya chapati. Ukungu ambao wengi hudhani ni ubovu wa kamera huondoka kwa kipande cha kitambaa laini.

Kuhusu zile programu za "urembo" nina msimamo. Simu nyingi huja zikiwa zimewasha kitu kinacholainisha na kung'arisha ngozi, na vijana huongeza hapo hapo wakidhani wanampendezesha mteja. Bibi wa miaka sabini anarudishiwa uso usio na mkunjo hata mmoja, mweupe kuliko alivyozaliwa. Wapo wateja wanaopenda, na hiyo ni haki yao. Lakini aulizwe kwanza. Kama hukuomba kubadilishwa rangi, sema wazi: "Naomba ile yenye sura yangu." Mpiga picha anayesikia hivyo mara tatu ataanza kuuliza mwenyewe.

Namna ya kusema

Kabla ya kusema lolote, itazame picha kivulini. Kioo cha simu juani huonekana cheusi hata kama picha ni safi, na wengi wamelaumiwa kwa picha zisizo na kosa. Ikuze, utazame macho. Macho yakiwa makavu na makini, picha imeshika. Yakiwa na ukungu, mkono ulitikisika au mtu alisogea.

Kisha taja kilichofaa, lakini kwa jina lake. "Umenipiga vizuri" ni salamu tu. "Maua ya gauni langu yanaonekana yote" ni somo, maana kijana sasa anajua alichokifanya sawa. Baada ya hapo taja jambo moja la kurekebisha. Moja. Ukimmwagia sita hatashika hata moja, na huenda simu ikarudi mfukoni. Na likiwezekana, lifuatane na kitu cha kufanya sasa hivi, kabla hamjaachana.

Tuseme mama mmoja amepigwa mbele ya duka saa saba mchana:

"Shikamoo mama. Picha yako hii hapa."

"Marahaba mwanangu. Ngoja niingie humu ndani niione. Ee, kanga imetoka vizuri, hata maandishi yanasomeka. Ila macho yangu siyaoni, yako gizani. Tukisogea pale barazani si yataonekana?"

"Tujaribu, mama."

Mama huyo hakusema kijana hajui kazi. Alisema anachokiona, akaonyesha mahali pa kwenda. Kijana akiona picha ya pili ina macho, hatahitaji kuambiwa tena. Kesho ataanzia barazani mwenyewe.

Wakati mwingine umri uko upande mwingine, mpiga picha ni mzee na wewe ni kijana. Hapo geuza maoni yawe ombi: "Mzee wangu, samahani, naomba unipige nyingine nikiwa hapa mlangoni." Utapata picha unayoitaka, na heshima yake itabaki.

Muulize pia alikuwa anataka nini. Huenda aliukata mguu makusudi ili uso uwe mkubwa. Huenda alikupiga kwa chini ili uonekane mrefu. Ukijua nia yake, maoni yako yatamsaidia kufika anakokwenda, badala ya kumvuta kwenye picha ya kichwani mwako.

Yapo ya kuacha. Usimkosoe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la kanisa, ambako watu arobaini wataongeza vicheko. Mwandikie yeye peke yake. Usimwambie anunue simu nyingine, kwa sababu usiku bila taa hata simu ghali huhangaika, na mchana barazani hata ya bei nafuu inatosha. Na kukosoa picha ili upunguziwe bei ni biashara nyingine kabisa. Wapiga picha wanaijua, na wakishaizoea hawasikii tena hata maoni ya kweli. Lipa mlichopatana, kisha sema.

Kama ni wewe unayepiga, usingoje mteja aseme. Mpe simu mkononi na uulize: "Ni wewe huyu?" Akisita, kuna jambo. Muulize ni lipi kati ya macho, rangi au mkao. Wengi watakuambia "iko sawa tu" kwa aibu, hivyo mtazame anavyoitazama. Mtu aliyependa picha yake huikuza. Asiyependa hukurudishia simu haraka.

Na kabla hujaiweka picha ya mtu kwenye mitandao kutangaza kazi yako, mwombe ruhusa. Ya mtoto, mwombe mzazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha inayomtambulisha mtu inaweza kuwa sehemu ya taarifa hizo.

Picha ikishapatikana nzuri, isiharibike njiani. Ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na hilo utaliona siku ya kuichapisha kwa ukubwa wa fremu. Mwombe mpiga picha akutumie kama faili, kwa kuchagua sehemu ya nyaraka badala ya ile ya picha, au aihamishe moja kwa moja simu kwa simu. Kisha iweke kwa watu wawili: wewe, na mwanao au ndugu aliye mbali, kwa sababu simu huanguka kisimani na huibiwa sokoni. Ile ya bibi, ichapishe kabisa, mpe aitundike mwenyewe ukutani anapotaka.