Umeitwa usaili kwenye sekta usiyoijua? Anza na pale pesa inapopotea

Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi waliokuwa wakisimamia miradi ya afya, lishe na elimu hapa nchini walijikuta hawana kazi. Julai 1 mwaka huohuo, USAID ikaacha rasmi kuendesha miradi ya misaada. Nyumbani, hata hivyo, hakuna kilichosimama: ada ni ileile na mwenye nyumba anataka kodi yake. Ndiyo maana leo mtu aliyesimamia miradi ya chanjo anaomba kazi ya umeneja mradi kwenye kampuni inayouza parachichi nje ya nchi, na anaitwa.

Tuushike mfano huo. Mama wa watoto watatu, mwenye miaka tisa kwenye miradi ya chanjo, ameitwa usaili Njombe. Ana siku sita. Parachichi analijua la kula na mkate asubuhi, basi.

Wengi wakifika hapo hukesha kwenye simu wakisoma kila kitu: aina za miche, mbolea, historia ya zao. Ni kazi bure. Jopo lina watu waliokaa na parachichi miaka mingi na hutawapita kwa siku sita. Wao wanataka kujua mambo mawili: kama unaelewa kazi yao inaharibikia wapi, na kama umewahi kuzuia uharibifu unaofanana na huo.

Kwa hiyo soma ukiwa na swali moja kichwani: hapa pesa inapotea wapi?

Kwa parachichi jibu halifichiki. Tunda hili haliivi likiwa mtini, huiva baada ya kuchumwa. Ukilichuma changa, litasinyaa na kuwa kama mpira badala ya kuiva vizuri, ndiyo maana wauzaji wa nje hupima kwanza lina kiasi gani cha maji na kiasi gani kikavu. Likishachumwa, saa inaanza kuhesabu. Joto la shambani litolewe haraka, kisha tunda likae kwenye ubaridi wa nyuzijoto kama 5 au 6 mpaka limalize wiki kadhaa baharini ndani ya kontena. Lori likiharibika njiani au umeme ukikatika ghalani, mzigo utafika ukiwa umelainika na mnunuzi atakata bei.

Sasa mwangalie mama yetu. Kwa miaka tisa amelinda chanjo zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8, kutoka ghala la mkoa hadi zahanati ambayo mvua ikinyesha haifikiki. Amesimamia majokofu ya sola na daftari za kuandika joto asubuhi na jioni. Wataalamu wa chanjo huita kazi hiyo mnyororo baridi. Ni kazi ileile, mzigo tu ndio tofauti. Pengine ya kwake ilikuwa ngumu zaidi, maana chanjo iliyoharibika mara nyingi huwezi kuitambua kwa kuitazama.

Hilo ndilo la kusema, tena mapema, kabla hawajauliza kwa nini mtu wa afya anaomba kazi ya matunda.

Baada ya hapo jua nani anashika vibali. Kwa mazao yanayokwenda nje, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ndiyo inayotoa cheti cha afya ya mimea. Wanunuzi wengi wa Ulaya hudai pia shamba liwe na cheti cha GLOBALG.A.P. China ilitia saini makubaliano ya kupokea parachichi za Tanzania Novemba 2022. Majina matatu au manne ya namna hiyo yanatosha kuonyesha kwamba umejisumbua. Kisha tafuta mtu wa kuongea naye: afisa kilimo wa kata, shemeji aliyepanda ekari mbili, dereva wa lori la ubaridi. Nusu saa na dereva itakufunza mengi kuliko tovuti kumi.

Lugha nayo ibadilike. "Tuliwafikia walengwa kwa kushirikisha wadau" ni sentensi ya ripoti ya mfadhili, na mfanyabiashara akiisikia haoni kitu. Sema ulikuwa na vituo vingapi, magari mangapi, bajeti kiasi gani, gari lilipokwama ulifanya nini na mzigo ulifika saa ngapi.

Kuna tofauti moja usiifiche. Kwenye mradi wa wafadhili, pesa ikitumika kama ilivyopangwa umefanya kazi. Kwenye kampuni pesa lazima irudi na nyingine juu yake. Wakikuuliza kama umewahi kuingiza faida, usizunguke: "Hapana. Nimewahi kupunguza upotevu, na nitawaeleza jinsi nilivyofanya." Hata usilolijua lina jibu: "Hilo silijui bado. Wiki ya kwanza ningemuuliza msimamizi wa ghala, na ningetaka kuona kumbukumbu za msimu uliopita."

Fanya mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu. Mwenzi wako anafaa, ingawa atakuonea huruma. Mtoto wa sekondari anafaa zaidi. Akisema "mama, hapo sijaelewa," rudia mpaka aelewe.

Jambo la mwisho ni la mezani kwenu, nalo lifanyike kabla ya safari. Mshahara unaweza kuwa mdogo kuliko ule wa mashirika. Kaeni wawili na karatasi, mkubaliane kiwango ambacho chini yake nyumba haiendi. Amueni kama familia itahama, au mmoja atakuwa akirudi mwisho wa mwezi, na watoto watabaki na nani. Ukiulizwa utaanza lini, uwe na tarehe.

Na wakikuuliza watoto utamwachia nani, swali ambalo akina baba huulizwa kwa nadra? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsi, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na inamlinda hata anayeomba kazi. Si lazima ugombane. "Nyumbani tumeshapanga" inatosha, kisha rudi kwenye kazi.

Wewe nawe waulize: msimu uliopita ni kontena ngapi zililalamikiwa na wanunuzi, na tatizo lilianzia wapi? Watakavyojibu, utajua kama unaitaka hiyo kazi. Ukisafiri, fika usiku wa kuamkia usaili, na beba sweta. Njombe ni baridi.