Je, Wajua? Hatua 269, Kisha Sare

Mchezo wa sataranji wenye hatua nyingi zaidi katika mashindano rasmi ulichezwa Belgrade, Yugoslavia, mwaka 1989. Ivan Nikolić na Goran Arsović walichuana kwa zaidi ya saa 20, hatua 269, wakaambulia sare!

Kwa kawaida, hatua 50 zikipita bila kete kuliwa wala kitunda kusogezwa, mchezaji anaweza kudai sare. Ila siku zile, ngome na askofu zikipambana na ngome peke yake, sheria iliruhusu hatua 100. Mwenye askofu wa ziada alikomaa mpaka zikaisha. Mfalme wa mpinzani wake hakunaswa ng'o. Baadaye FIDE, shirikisho la kimataifa, lilirudisha kikomo cha 50. Afadhali.