Kompyuta Inapokataa Kupokea Programu: Tuiulize Kwanza Sababu

Kompyuta sasa si mali ya ofisi peke yake. Imeingia katika kwota za askari, katika nyumba za walimu na katika vibanda vya akina mama wanaopiga chapa barua na mitihani. Kwa hiyo maradhi yake nayo yamekuwa mambo ya nyumbani, kama jiko linalotoa moshi au paa linalovuja. Juma hili napenda tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja unaowasumbua wengi. Kompyuta inawaka vizuri na kuandika vizuri, lakini ukitaka kuiwekea programu mpya inakataa. Ukitaka kuipa masasisho, yaani marekebisho ambayo watengenezaji huyatuma ili kuziba kasoro, inakataa vilevile.

Nitaanza kwa kisa ambacho mimi mwenyewe nilikuwamo, wala sikutoka humo na sifa nyingi.

Jirani yangu ni mke wa askari polisi. Mumewe amepangiwa kazi katika wilaya nyingine, naye mama hujipatia riziki ya nyongeza kwa kupiga chapa. Ijumaa moja, mwisho wa muhula, alikuwa na mitihani ya shule ya msingi iliyotakiwa Jumatatu asubuhi. Printa yake ya zamani ilikuwa imekufa, akanunua nyingine. Printa hiyo ilihitaji programu yake, na programu yenyewe ilikuwa ya kuchukuliwa katika intaneti. Kompyuta ikakataa. Kila ukurasa aliofungua ulileta onyo kwamba mawasiliano si salama. Masasisho nayo yalikuwa yamekwama tangu juma lililotangulia.

Akaniita. "Mwalimu," aliniambia, maana bado hunijua kwa kazi yangu ya kwanza, "nimemaliza bando la siku mbili na sijapata kitu."

Niliketi mbele ya chombo kile kama mtu ajuaye. Nilizima programu ya kukinga virusi, nikidhani ndiyo izuiayo, haikusaidia. Nikarudia jambo lilelile mara nne, kana kwamba mara ya nne kompyuta itanionea huruma. Baadaye akapita kijana mmoja fundi, akashauri tufute kila kitu na kuanza upya. Lakini mle ndani mlikuwa na mitihani yote, picha za mazishi ya mama mzazi wa jirani yangu, na nakala za hati za mumewe. Hapakuwa na akiba yake mahali pengine popote. Nami, naona haya kusema, nilikuwa karibu kukubali.

Ndipo binti wa nyumba ile, aliye darasa la tano, alipoonyesha kwa kidole pembe ya chini ya kioo. "Mwalimu, mbona hapa pameandikwa mwaka 2010? Mimi sikuwa nimezaliwa."

MLINZI MWENYE KALENDA MBOVU

Wasomaji wetu wengi wamepata kusimama zamu langoni, basi watanielewa upesi. Kompyuta inapopokea kitu kutoka nje hufanya kazi ya mlinzi. Mgeni huja na barua yake, ambayo wataalamu huiita cheti cha kidijitali. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kwisha. Mlinzi hutazama barua, kisha hutazama kalenda ukutani. Ikiwa kalenda inasema mwaka 2010, barua iliyoandikwa juzi ni barua ya siku zisizofika bado. Mlinzi mwaminifu hana budi kuikataa. Mlinzi hana kosa. Kosa ni la kalenda.

Na kwa nini kalenda ilirudi nyuma? Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo, mviringo kama sarafu, ambayo aghalabu ni ya aina ya CR2032, yenye volti 3. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati umeme umezimwa. Betri ikichoka, kila mara uchomoapo waya ukutani kompyuta husahau siku. Jirani yangu alikuwa ameuchomoa waya kwa kuhofu radi, kama ifanyavyo kila nyumba yenye busara. Saa ikaanguka.

Tuliweka tarehe, saa na majira ya Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya Greenwich. Maonyo yakakoma papo hapo. Nikawasha tena kinga niliyoizima, programu ya printa ikaingia, na usiku ule karatasi zikaanza kutoka. Dawa ya ugonjwa wa siku nzima haikuchukua hata dakika tano.

MASWALI SITA YA KUULIZA KWA ZAMU

Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu, nami naueleza hapa kwa manufaa ya wote. Unahusu hasa kompyuta zenye Windows, ambazo ndizo nyingi majumbani mwetu.

Kwanza, je, tarehe na saa ni sahihi? Tazama mwaka pia, usitazame saa tu.

Pili, je, kompyuta imewashwa upya? Masasisho mengi hayakamiliki mpaka hapo, na yakiachwa katikati huzuia yanayofuata. Yafaa ieleweke kwamba katika Windows 10 na 11, kuzima na kuwasha kwa kawaida huenda kusitoshe, kwa sababu kompyuta huhifadhi sehemu ya hali yake ya zamani ili iwahi kuamka. Chagua amri ya kuanza upya, si ya kuzima.

Tatu, je, pana nafasi? Mgeni hawezi kulazwa katika chumba kilichojaa magunia. Sasisho kubwa laweza kuhitaji gigabaiti 20 zilizo wazi. Hamishia filamu na picha katika diski ya nje, kisha safisha kapu la takataka.

Nne, je, wewe unayo ruhusa? Kompyuta hutofautisha mtumiaji wa kawaida na msimamizi. Ikiwa umeingia kwa jina la mtoto, programu nyingi hazitakubali mpaka msimamizi atie neno lake la siri.

Tano, je, programu yenyewe inafaa kwa kompyuta yako? Programu ya biti 64 haiingii katika mfumo wa biti 32, kama vile risasi ya kipimo kimoja isivyoingia katika bunduki ya kipimo kingine.

Sita, je, mtandao umefika kweli? Bando likiisha katikati, faili huja nusu, na nusu ya faili haifunguki. Ifute, uichukue tena nzima.

Mara nyingi kompyuta yenyewe hutaja ugonjwa wake kwa namba. Watu huzifunga upesi namba hizo kwa kuziogopa. Ziandikeni! Namba 0x80070070 maana yake diski imejaa. Namba 0x80070005 maana yake ruhusa imekataliwa. Na namba 0x800B0101 maana yake cheti hakipatani na tarehe ya kompyuta. Huo ndio ugonjwa wa mlinzi wetu.

Maswali yote sita yakipita bila jibu, huenda mafaili ya mfumo yameharibika. Hapo fundi mwaminifu hutumia amri ya sfc /scannow, ambayo huyakagua na kuyatengeneza yaliyoharibika pasipo kugusa picha na barua zako. Kufuta kila kitu ni dawa ya mwisho kabisa, na hata hiyo isitumiwe kabla ya kuweka akiba ya mali yako mahali pengine.

MAMBO YA KUEPUKA

Usizime kinga ili upitishe kitu usichokijua. Nilifanya hivyo mimi, nami nakiri kuwa ni sawa na kumwondoa mlinzi langoni kwa sababu amemkatalia mgeni mmoja. Wala usipokee programu ya wizi katika flashi ya rafiki, iliyovunjwa kufuli yake. Mara nyingi aliyeivunja huweka na lake ndani.

Kwa askari na watumishi wa serikali naongeza neno moja. Kompyuta ya ofisi ikikataa programu, mara nyingi imeamriwa kukataa. Usitafute njia ya uani. Mpelekee taarifa ofisa anayehusika, pamoja na namba ya kosa na saa lilipotokea.

Pia kuna kukataa kwa sababu ya umri. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kompyuta nyingi za zamani hazina sifa hizo. Hizo hazina ugonjwa, zimezeeka. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa utunzaji wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama ulitangazwa kwa watakaojiandikisha. Mwenye kompyuta ya namna hiyo asiihifadhie mambo ya benki wala siri za kazi bila kupata ushauri.

UFA NA UKUTA

Labda msomaji atauliza: kwa nini kujisumbua, mradi kompyuta inaandika? Tukumbuke mwaka 2017. Tarehe 14 Machi, kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja katika Windows. Wengi hawakuliweka. Tarehe 12 Mei, kabla miezi miwili haijatimia, virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika ufa uleule. Vilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fedha ili yafunguliwe. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Dawa ilikuwapo tayari. Walioinywa mapema walisalimika na ufa huo. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Turudi kwa jirani yangu. Mitihani ilifika shuleni Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Juma lililofuata betri mpya iliwekwa, baada ya waya wa umeme kuchomolewa. Ile ya zamani tuliifunga katika karatasi na kuitupa mbali na watoto. Naomba wazazi mlishike sana hili: betri ya namna hiyo ikimezwa na mtoto huunguza koo lake kwa muda mfupi, na mtoto hana budi kukimbizwa hospitali mara moja. Picha za mazishi na hati za baba sasa zina nakala katika diski ya nje, ndani ya sanduku la chuma.

Na yule binti amepewa kazi rasmi katika nyumba ile. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule husoma tarehe kwa sauti.