Mlango wa Chumvi na Sukari

"Mjomba, kwa nini maji anayopewa mtoto anayeharisha yanatiwa sukari? Sukari si ya chai?"

Hongera, mpwa wangu! Chumvi watu wengi huielewa, lakini sukari wanaitia tu bila kujiuliza. Wewe umejiuliza. Sogea karibu nikusimulie.

Ndani ya tumbo lako kuna utumbo mdogo. Ukuta wake wa ndani umejaa vinyweleo vifupi, kimoja hakizidi milimita 1 hivi. Kila kinyweleo kimevikwa seli. Seli ni kitu kidogo sana kilicho hai. Wewe umejengwa kwa seli. Mbuzi amejengwa kwa seli. Hata mchicha umejengwa kwa seli. Nyingi ni ndogo mno, huzioni mpaka uwe na hadubini.

"Mjomba, seli ikoje?"

Ifikirie kama ua wa nyumba. Ua umezungushiwa uzio, na seli imezungukwa na utando. Utando huo ni tabaka mbili za mafuta, nyembamba ajabu. Mtu hapenyi uzioni anapotaka, anapita mlangoni. Milango ya seli ni protini zilizopenya utando kutoka nje hadi ndani. Na ndani ya ua kuna chumba kinachotunza maelekezo ya kazi zote. Chumba hicho kinaitwa kiini.

Sasa tumsikilize mwenye ua mwenyewe.

"Mimi ni seli ya utumbo. Upande mmoja nakitazama chakula ulichokula. Upande wa pili naitazama damu. Kazi yangu ni kupokea huku na kupeleka kule. Oksijeni hupenya utando wangu bila kubisha hodi. Chumvi na sukari hazipenyi. Hizo lazima zipite mlangoni.

"Nina mlango mmoja wa ajabu. Chumvi ikija bila sukari, mlango haupitishi. Sukari ikija bila chumvi, mlango haupitishi. Zikija pamoja, karibuni ndani! Chembe mbili za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na chembe moja ya glukosi, ile inayotokana na sukari. Huingia kwa mkupuo mmoja."

"Mjomba, muulize kwa nini sodiamu inapenda kuingia."

Tazama huyu mtoto! Haya, seli, mjibu.

"Kwa sababu ndani ya ua wangu sodiamu ni chache. Naitoa mimi mwenyewe. Upande wa damu nina pampu nyingi zisizolala. Kila pampu hutoa sodiamu tatu, huingiza potasiamu mbili. Tatu nje, mbili ndani. Tatu nje, mbili ndani. Kazi hiyo inakula nguvu, na nguvu inatoka kwenye chakula chako. Basi sodiamu ya upande wa chakula ikiona nafasi, inaingia, na glukosi inaingia nayo."

Pampu hiyo aliigundua Jens Skou wa Denmark mwaka 1957. Miaka 40 baadaye alipewa Tuzo ya Nobel. Habari ya chumvi na sukari kuingia pamoja aliieleza Robert Crane wa Marekani mwaka 1960.

"Na maji, mjomba?"

Maji hufuata. Chumvi na sukari zikivuka kwenda damuni, maji nayo yanavuka. Umeona vitunguu vya kachumbari vikinyunyiziwa chumvi? Vinakuwa vikavu vikikatwa, lakini baada ya dakika chache bakuli limelowa. Maji hayo yalikuwa ndani ya seli za kitunguu. Yametoka kuifuata chumvi. Kajaribu leo jikoni, utayaona kwa macho yako bila hadubini.

Sasa sikia jambo la kusikitisha, kisha la kufurahisha. Kipindupindu kikiingia tumboni, sumu yake huzifanya seli za utumbo zimwage maji na chumvi bila kukoma. Mgonjwa anakauka. Ukimpa maji matupu, hayavuki ya kutosha kufidia yale yanayopotea. Lakini mlango wetu wa chumvi na sukari hauharibiwi na sumu ile. Unaendelea kufanya kazi!

Mwaka 1971 vita vilikuwa vinaendelea katika nchi inayoitwa leo Bangladesh. Mamilioni ya watu walikimbilia India, na kipindupindu kikazuka kambini. Huko Bangaon, Daktari Dilip Mahalanabis aliona dripu zinamwishia. Akaagiza chumvi na sukari zichanganywe kwenye maji safi, na ndugu wa wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Wakapungua, wakawa chini ya 4. Kwa mlango mdogo usioonekana! Kila nikiisimulia habari hii moyo wangu unajaa.

Siku hizi zipo pakiti za mchanganyiko huo, ziitwazo ORS, na hizo ndizo bora. Zikikosekana, ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe visiwe na kilima. Na safari ya zahanati iko palepale. Usiongeze sukari ili iwe tamu. Ikizidi, itayavuta maji yarudi utumboni, na mtoto ataharisha zaidi.

"Mjomba, na seli yenyewe haichoki?"

Inachoka sana. Huishi siku 3 hadi 5 tu. Chini ya vinyweleo kuna vishimo, na humo seli mama zinagawanyika kila siku kuleta seli mpya.

"Seli ikigawanyika, si itabaki nusu?"

Swali safi kabisa! Haibaki nusu, kwa sababu inanakili kwanza. Kiini kina kromosomu 46, ndizo zenye maelekezo. Kila moja inanakiliwa. Kisha zinajipanga katikati ya seli, nyuzi nyembamba zinavuta nakala moja huku na nyingine kule. Huku 46, kule 46. Halafu utando unabana katikati, unabana, unabana, mpaka ua mmoja unakuwa nyua mbili. Seli mpya inapanda polepole kutoka kishimoni, inafika ncha ya kinyweleo, inadondoka, inatoka na choo. Nyuma yake nyingine imeshafika.

Kugawanyika huko kunahitaji madini ya zinki. Ndiyo maana zahanati humpa mtoto anayeharisha vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

"Hata akiacha kuharisha?"

Hata akiacha. Seli nyingi zimeharibika, na vishimo bado vina kazi ya kuleta mpya mpaka kwenye ncha.